Kuendesha baiskeli siku nzima bonde la Ruaha Mdogo: kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza safari ndefu za baiskeli hapa Iringa, jueni kwanza kwamba mji wetu uko juu na mto uko chini. Asubuhi unateremka hadi Ipogolo karibu bila kukanyaga pedali, unajiona bingwa. Mlima huohuo utaupanda jioni umechoka. Kwa hiyo kila kitu cha siku hiyo, maji, chakula, hata muda wa kupumzika, kipangeni kwa kuufikiria ule mlima wa kurudi.

Mimi nageuza kwa kuangalia saa. Ikifika saa nane mchana nageuza, hata kama ninakokwenda nakuona kwa macho. Mwezi Juni na Julai jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza la huku halina subira. Pale Ipogolo kuna malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia; usipite hapo usiku bila taa.

Siti ipimwe kabla ya kuondoka. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Baiskeli nyingi za kuazima zina siti ya chini mno, nayo ndiyo inayoua magoti, watu wakausingizia mlima.

Sasa pancha, maana kiangazi miiba imetapakaa njia zote za bondeni. Beba tyubu ya akiba, pampu, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Wengi wanakosea hapa: wanatoa tyubu, wanaziba, wanarudisha, na baada ya mita mia upepo umeisha tena, kwa sababu mwiba bado uko ndani ya tairi. Pitisha vidole polepole upande wa ndani wa tairi, mzunguko mzima, mpaka uuguse. Mara nyingi ni ncha ndogo hata jicho haliioni. Kisha sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni nyembamba, na usubiri ikauke isinate kidoleni ndipo ubandike kiraka. Ukibandika ikiwa mbichi, kitaachia.

Kula kabla njaa haijakukamata. Mihogo ya kuchemsha, karanga na ndizi zinatosha sana. Kwenye lita moja ya maji safi tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, unywe kidogokidogo. Ulanzi, pombe ya mianzi, mkikaribishwa, shukuruni, muuache kwa siku nyingine. Maji ya mto msinywe, na msioge mahali yanapotuama, kichocho hakionekani.

Njia ya kando ya mto si ya watalii, ni ya wakulima. Hili nalisema kwa uzito. Tuta la umwagiliaji likivunjwa na tairi lako, mtu anapoteza maji ya zamu yake, na nyanya zake ndiyo ada ya mtoto. Shuka, beba baiskeli begani, vuka. Aliyebeba mzigo mpishe wewe. Salimia "kamwene", salamu ya Kihehe, kabla ya kuuliza njia. Wazee wakiitikia, utaelekezwa hadi mfereji wa kupita.

Kalenga pumzikeni vizuri. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa kwenye makumbusho. Ingieni, msikilize mwongozaji, ila jicho moja liwe kwenye saa.

Mkirudi mlimani, wekeni giya nyepesi kabla mwinuko haujawakaba. Baiskeli isiyo na giya, shuka usukume mapema, ukiwa bado na pumzi. Anayeng'ang'ania mpaka magoti yatetemeke anafika juu akiyumba, na huko mjini bajaji na bodaboda za jioni zinamsubiri.