Fundi Anajibu: Betri ya Pili au Kuinua Gari, Kipi Kitangulie?

*Shikamoo fundi. Nimepata gari langu la kwanza la fowili, pikapu iliyotumika ya milango minne, mbele ina koili springi, nyuma springi za bapa. Nikipakia dumu za maji, friji na hema, nyuma linachuchumaa na chini linakwaruza mawe. Nataka kuliinua na kuweka betri ya pili, ila mfuko unaruhusu kimoja kimoja. Rafiki yangu anashauri niinue inchi 4 nimalize kazi. Fundi umeme naye anasema betri mbili ni kuziunga kwa waya mmoja mnene tu. Nianzie wapi?*
*– Mwalimu wa Fizikia*

Marahaba, mwalimu. Anza na betri. Najua ulitaka niseme springi, maana ndizo zinazoonekana kwenye picha.

Sababu yangu ni mizani. Betri ya AGM (ya risasi na asidi, iliyofungwa isimwagike) ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ina karibu kilo 30, na bado hujahesabu kitako chake, waya na friji yenyewe. Springi huchaguliwa kwa uzito zitakaoubeba kila siku, inchi zinafuata. Ukinunua springi leo na mzigo ukaja mwezi ujao, umenunua springi za gari la mtu mwingine. Kwa hiyo funga betri, pakia kila kitu unachosafiri nacho, maji yakiwemo, upeleke gari kwenye mizani, mbele peke yake na nyuma peke yake. Kisha chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Andika. Muuza springi asiyekuuliza namba hizo, muage.

Sasa huo waya mmoja mnene. Ukiziunga betri moja kwa moja, friji itazinywa zote mbili usiku kucha, na asubuhi stata itakujibu tik, tik, tik. Kati yake panatakiwa kitu cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Kwenye magari ya zamani rilei (swichi ya umeme) inayosoma volti inatosha: altaneta ikipandisha volti kufika kama 13.3 inaunga, zikishuka kama 12.8 inakata. Magari mengi mapya altaneta yake inaongozwa na kompyuta, volti zinapandishwa na kushushwa ili kubana mafuta, na hapo rilei inabaki kuungaunga na kukata huku betri ya pili ikishinda njaa. Yanahitaji chaja ya DC kwa DC, inayochukua volti za altaneta hata zikiwa chini na kuzipandisha zifae betri ya pili. Kujua lako ni lipi, weka multimita kwenye betri, endesha nusu saa ukiwa na mtu wa kusoma. Zikitulia kwenye 14 na kidogo, rilei. Zikishuka hadi 12 na ushee huku injini inaunguruma, chaja.

Unene wa waya wape wanafunzi wako kama swali. Betri ikikaa nyuma, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ampea 25: waya wa milimita mraba 6 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Wa 16 unapoteza kama 0.3. Hiyo 0.9 ndiyo tofauti ya betri kujaa na betri kudhani imejaa.

Na fyuzi ziwe mbili, kila moja karibu kabisa na betri yake. Mafundi wengi huweka moja mbele wakaridhika. Wanasahau kwamba waya huu una betri kila upande. Ukichubuka katikati ukagusa chesisi, fyuzi ya mbele itakatika na betri ya nyuma itaendelea kuuchoma. Pale unapopita kwenye bati, tundu livishwe mpira.

Friji ndogo ya kompresa hula kama Ah 30 hadi 50 kwa siku, kutegemea joto. AGM usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 ni siku moja hivi ya kuegesha. Lithiamu inakupa zaidi kwa nusu ya uzito, lakini usiiweke chini ya boneti. Joto la injini litaimaliza.

Haya, springi. Inchi 4 kataa. Ekseli za mbele zitakaa kwa pembe kali, mipira ya jointi itapasuka iteme grisi, na gari litakuwa jepesi kulala kwenye kona. Inchi 2 zinatosha. Ujue pia kwamba springi zinainua bodi na chesisi; difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, linabaki palepale lilipo. Difu linainuliwa na tairi, tena kwa nusu: tairi yenye kipenyo kilichozidi sentimita 5 inakupa 2.5. Na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari hauongezeki kwa sababu gari limerefuka.

Pikapu nyingi za nyuma bapa zina valvu ya breki yenye kifimbo kinachounga chesisi na ekseli. Chesisi ikipanda, valvu inadhani hakuna mzigo, inapunguza breki za nyuma. Lala chini uitafute. Kama ipo, irekebishwe siku hiyohiyo. Tazama na hosi za breki zisivutike magurudumu yakining'inia.

Kosa langu mwenyewe: gari langu la kwanza nilikaza nati za bushi (mipira ya maungio ya springi na mikono) likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Lilipotua, kila bushi ikajikuta imesokotwa. Miezi michache mpira ulichanika, nikalaumu duka. Nati za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Baada ya kilomita 500 rudia spana, halafu alaimenti, halafu shusha taa za mbele usiwapofushe watu.

*Fundi, langu lina ekseli ngumu mbele. Tangu niliinue inchi 2 usukani unazurura, haurudi katikati wenyewe. Alaimenti wanasema iko sawa.*
*– Dereva Mchovu*

Pole. Walipima mwelekeo wa tairi wakaishia hapo. Ulipoinua, mikono inayoshika ekseli ilishuka na ekseli ikajizungusha kidogo, kasta ikapungua, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Kasta ndiyo inayorudisha usukani. Rudi uombe karatasi yenye namba ya kasta. Ikiwa chini ya kipimo cha kiwandani, zipo bushi za mikono hiyo zenye tundu lililosogezwa pembeni, zinairudisha ekseli pembe yake. Zikiwekwa kinyume zinazidisha ugonjwa, kwa hiyo simama pembeni fundi akizibana.