Benz ya sasa bado ni Benz?

Kaka, umeuliza kama Benz za leo zina roho ya W124, ile E-Class ya zamani. Utulivu barabarani bado upo. Kilichopungua ni uvumilivu. W210, mrithi wake iliyotoka 1995, huliwa na kutu kwenye matao ya magurudumu na pale springi ya mbele inapokalia, na upepo wa chumvi wa Kigamboni hauisaidii. W211, iliyofuata, za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za SBC, yaani zinazoendeshwa kwa umeme: kompyuta huhesabu mikanyago, ikifika kikomo inawasha onyo hata kama pampu bado ni nzima. Yenye Airmatic, yaani springi za hewa, ipaki usiku kucha. Asubuhi kona moja ikilala, kuna uvujaji, na ukipuuza kompresa nayo itaungua. Ila W124 za 1993 hadi 1995 nazo usizisujudie: ganda la waya za injini hupukutika.