Mabaka ya mashavuni: anza na rangi ya chungwa, fandesheni ije baadaye

Dada yangu, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema una mabaka meusi kwenye mashavu yote mawili na juu ya mdomo tangu ulipojifungua, kwamba fandesheni uliyonunua inayageuza kuwa ya kijivu badala ya kuyafunika, kwamba fedha uliyo nayo ni shilingi 60,000, na kwamba mwezi ujao ni sendofu ya mdogo wako na hutaki kujificha nyuma ya watu wakati wa picha. Mimi nimeishi na mabaka ya namna hiyo tangu mwaka 2016, nilipopata mtoto wangu wa kwanza, na rangi ya ngozi yangu ni maji ya kunde. Nitakueleza nilichofanya, pamoja na makosa yaliyonigharimu, ili fedha yako isipotee kama ilivyopotea yangu.

Nianze na hicho kijivu, maana ndicho kilichonitesa kuliko vyote. Rangi ya ngozi zetu hutokana na melanini, na melanini yenyewe ni ya kahawia. Lakini inapokuwa imezama chini zaidi ndani ya ngozi, mwanga unaoturudia kutoka huko huja na ubuluu, kama vile mishipa ya mkononi inavyoonekana ya buluu ilhali damu iliyomo ni nyekundu. Ndiyo maana baka la melasma, yaani mabaka meusi ya usoni kama haya yetu, au doa lililoachwa na chunusi, mara nyingi si jeusi tupu wala si kahawia tupu, bali lina kijivu ndani yake. Ukilipaka fandesheni ya rangi ya ngozi yako, ule ubuluu hupenya, huchanganyika na fandesheni, na shavu huonekana kana kwamba limepakwa majivu. Tabaka la pili huleta majivu mazito zaidi. Nami kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nachagua fandesheni nyeupe kuliko ngozi yangu, nikiamini kwamba weupe utaushinda weusi, na hiyo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kulifanya baka lionekane kutoka upande wa pili wa barabara.

Kinachoondoa ubuluu ni rangi ya chungwa. Fundi wa kuchanganya rangi za nyumba anaijua siri hii: akitia rangi ya chungwa kwenye buluu, zote mbili hupoteza ukali wake na kuzaa rangi ya udongo. Usoni mambo ni hayo hayo. Unapaka konsila, yaani krimu nzito ya kufunika madoa, yenye rangi ya chungwa, juu ya baka peke yake, kidogo sana, na baka linaacha kuwa kijivu na kuwa kahawia. Baada ya hapo konsila au fandesheni nyembamba ya rangi ya ngozi yako inatosha kumaliza kazi. Mwenye ngozi nyeupe kidogo hutumia chungwa lililofifia, linaloelekea pichi. Sisi wa maji ya kunde tunatumia chungwa kamili. Mwenye weusi uliokolea hutumia chungwa linaloelekea wekundu wa tofali, kwa sababu chungwa jepesi juu ya ngozi nyeusi nalo huacha utandu wa majivu. Kabla ya kununua, simama dirishani asubuhi ukiwa umenawa uso, bila kuwasha taa, na uyatazame mabaka yako kwa makini. Kama ni ya kahawia safi, bila ukijivu wowote, huenda huhitaji rangi ya chungwa hata kidogo, na konsila ya rangi ya ngozi yako itatosha.

Kuna watu watakaokushauri utumie lipstiki nyekundu au ya chungwa badala ya konsila, kwa kuwa tayari unayo nyumbani. Nilijaribu. Rangi inafanya kazi, sikatai, lakini lipstiki huteleza kwenye joto, na ile niliyokuwa nayo ilikuwa na manukato na mafuta mazito yaliyonitoa vipele vidogo shavuni. Kila kipele kilipopona kiliacha doa jipya, nikawa nafunika madoa yaliyoletwa na kifuniko chenyewe. Tofauti ya bei haistahili hasara hiyo.

Sasa bajeti yako. Ushauri wangu, ambao najua wengine hawataupenda, ni kwamba usinunue fandesheni kabisa kwa sasa. Nunua konsila mbili, moja ya chungwa na moja ya rangi ya ngozi yako. Mimi natumia za L.A. Girl, ambazo zina rangi nyingi za watu weusi na pia rangi ya chungwa ya kusahihishia, na mara ya mwisho nilizipata Kariakoo kwa shilingi 10,000 kila moja. Poda nililipia 7,000, sponji 3,000. Hiyo ni 30,000, na nusu ya fedha yako bado iko mkononi. Konsila ni nzito kuliko fandesheni, kwa hiyo tone dogo hufunika zaidi, na kwa kuwa unapaka mahali penye mabaka tu, paji la uso na kidevu hubaki ngozi yako mwenyewe, na mtu anayekuangalia huona ngozi kabla ya kuona vipodozi. Nusu iliyobaki ni ya sanskrini, yaani krimu ya kukinga ngozi dhidi ya jua, nami sikubali iende kwingine. Yangu ilinigharimu 28,000, na sababu nitaieleza hapo chini.

Unapokwenda dukani, nenda mchana na uende bila kitu usoni. Usipimie rangi kwenye kiganja wala nyuma ya mkono, kwa sababu mkono una rangi yake. Pimia kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, kwa mistari miwili au mitatu ya rangi zinazokaribiana, halafu toka nje ya duka. Taa za dukani, hasa zile nyeupe kali, hufanya kila rangi ionekane inakufaa. Subiri dakika kumi au kumi na tano ukiendelea na shughuli nyingine, kwa sababu bidhaa nyingi hukolea kidogo zikishakaa kwenye ngozi na kukutana na mafuta yake, kisha tazama ni mstari gani umepotea. Huo uliopotea ndio wako. Ukibaki kati ya miwili, chukua ulio mweusi zaidi. Tena uilinganishe na shingo na sehemu za uso zisizo na mabaka, kamwe usiilinganishe na baka lenyewe. Muuzaji akikuharakisha, au akikuambia kwamba rangi nyeupe zaidi itakupendeza, mshukuru na uende duka la jirani.

Angalia pia kama kifungashio kimefungwa, kama kina orodha ya viambato na tarehe, na ile alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye namba kama 12M, inayoonyesha miezi ambayo bidhaa hubaki salama baada ya kufunguliwa. Vipodozi bandia ni vingi. Chupa yenye maandishi yaliyopotoka, yenye harufu kama ya rangi ya ukutani, au inayouzwa kwa nusu ya bei ya maduka yote ya jirani, iache. Vilevile sinunui bidhaa iliyopimwa na kuhamishiwa kwenye kikopo kisicho na lebo, hata kama ni nafuu.

Hilo la kikopo kisicho na lebo nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017, mabaka yalipokuwa yamenichosha, mtu niliyemwamini aliniuzia krimu ya kuchanganya, mkorogo kama tunavyouita, akisema ni ya mimea. Wiki za kwanza uso uling'aa na watu wakanisifu. Kisha mashavu yakaanza kuwaka kila nikipita juani, na mabaka yakarudi yakiwa makubwa na meusi kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinieleza kwamba krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au dawa kali za steroidi, na kwamba haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuacha weusi wenye ubuluu ambao ni vigumu sana kuuondoa. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini vikopo bado vinapita mikono kwa mikono. Nakuomba, dada yangu, ufunike baka lako kwa amani huku ukilisubiri lififie, kuliko kulichoma. Baka la ujauzito kwa wanawake wengine hufifia lenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze mtoa huduma wako kuhusu mabaka hayo, kwa kuwa homoni zilizomo zinaweza kuyachochea. Usiviache kabla ya kuzungumza naye.

Nirudi kwenye sanskrini. Melasma hulishwa na jua. Ukifunika baka asubuhi halafu ukasimama kituoni kusubiri daladala bila kinga, mwezi ujao utahitaji konsila nyingi zaidi kuliko mwezi huu. Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi, na upake kiasi cha kujaza vidole viwili kwa uso na shingo. Usitegemee SPF iliyoandikwa kwenye fandesheni au poda, kwa sababu hakuna anayepaka poda kwa wingi wa kufikia kinga hiyo. Na kuna jambo ambalo lilinisaidia sana nilipolijua: kwenye ngozi zetu, si miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, peke yake inayokoleza melasma, bali hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na sanskrini nyingi za kawaida hazizuii mwanga huo. Zinazouzuia ni rangi za oksaidi ya chuma, zile zinazozipa sanskrini na fandesheni rangi ya ngozi. Kwenye orodha ya viambato huandikwa CI 77491, CI 77492 na CI 77499, yaani nyekundu, njano na nyeusi. Ukipata sanskrini yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako, inakukinga, inafifisha baka kidogo machoni, na haiachi ule weupe wa chokaa. Ukikosa, tumia ya kawaida. Konsila utakayopaka juu yake nayo ina oksaidi hizo, ingawa tabaka lake ni jembamba. Kofia pana, mtandio au mwavuli huongeza kinga, na havimalizi fedha yako.

Namna ya kupaka ni fupi kuliko maelezo yote haya. Nawa, paka mafuta yako mepesi, paka sanskrini na uiache ikauke kwa dakika kumi hivi; ukiharakisha, kila kitu kitajikunja na kutoka vipande vipande. Chukua konsila ya chungwa kwa ncha ya kidole cha pete, uigongegonge juu ya baka bila kuvuta, na uishie ndani kidogo ya mpaka wa baka, kwa sababu ikitoka nje utajikuta una duara la chungwa. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha shavu moja. Isubiri ishike. Kisha gongagonga konsila ya rangi ya ngozi yako kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukizidisha kidogo nje ya mpaka ili rangi iyeyukie kwenye ngozi. Ukisugua, unaondoa chungwa lililo chini na kijivu kinarudi. Maliza kwa poda kidogo, ukiikandamiza. Juu ya mdomo uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa jasho huanzia hapo. Mimi hupaka tabaka jembamba kuliko mashavuni na hubeba kitambaa laini cha kukandamizia jasho, si cha kufutia.

Kwa ajili ya sendofu, fanya jaribio zima wiki mbili kabla, siku ya kazi nyingi, kuanzia asubuhi hadi jioni, na ujipige picha mara tatu: nje mchana, ndani usiku, na usiku kwa kutumia flashi. Hiyo ya flashi ni muhimu, kwa sababu poda nyeupe zinazodaiwa kuwa hazina rangi, pamoja na sanskrini zenye madini meupe, zinaweza kuurudisha mwanga wa kamera na kukuonyesha kama uliyemwagiwa unga. Ikitokea hivyo, badilisha poda kwa ile yenye rangi ya kahawia au njano inayofanana na ngozi yako. Jioni ya sherehe jua likishazama hutaihitaji sanskrini, kwa hiyo ukishanawa jioni hiyo usiipake tena.

Usilale na vipodozi hivyo. Toa kwa sabuni laini ya maji na vidole, bila dodoki, kwa kuwa msuguano nao huchochea weusi kwenye ngozi zetu, na sponji uioshe kwa sabuni ya kipande kila baada ya siku mbili tatu na kuianika mahali penye hewa. Ukiona baka linawasha, linainuka, linabadilika umbo au limepoteza hisia, usilifunike. Mwone daktari wa ngozi kwanza.

Ukishayatazama mabaka yako dirishani asubuhi, niandikie hapa kama ni ya kahawia au ya kijivu, na kama weusi wako umekolea kuliko maji ya kunde, nami nitakuambia chungwa la kuanzia nalo kabla hujatoa hata shilingi.