Saa inasoma 65, mbona ardhi inakimbia?

Swali: Shikamoo kapteni. Najifunza urubani, naishi Moshi. Nikitua Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, mchana na ndege ndogo ya Cessna 172, kipima mwendo kinasoma noti 65 (maili za baharini kwa saa) kama kawaida, lakini naona ardhi inapita kasi na ndege inachelewa kusimama. Mwenzangu ananishauri nishuke hadi 55. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Usipunguze, tafadhali. Macho yako yako sahihi, na saa ya mwendo nayo iko sahihi. Kipima mwendo kinapima msukumo wa hewa, na bawa linabebwa na msukumo huo huo. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie zaidi ili kuupata.

Piga hesabu. Kisongo ni kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na joto la kawaida la vitabuni kwa kimo hicho ni nyuzi 6. Saa nane mchana likifika 28, zimezidi nyuzi 22. Kila nyuzi huongeza takriban futi 120, kwa hiyo bawa na injini vinafanya kazi kana kwamba viko futi 7,200. Hapo noti 65 za kwenye saa ni karibu 72 za kweli. Noti saba tu, lakini nishati ya kumalizwa na breki hupanda kwa mraba wa mwendo: breki zile zile zinabeba karibu robo zaidi. Upepo wa nyuma wa noti 4 unaongeza asilimia 20 nyingine ya umbali.

Ukifuata macho, hata kwenye 55 ardhi itaonekana inakimbia, nawe utaendelea kuvuta usukani ili kupunguza mwendo. Upepo wa mbele ukikatika ghafla, ndege inadondoka na kudunda. Ukisukuma pua chini, tairi la mbele linagonga kwanza, na mdundo unaofuata unaweza kuivunja propela.

Kwenye uwanja wa Courchevel, Ufaransa, njia ya kutulia ni mita 537 na inapanda mlima. Ukishaikaribia huwezi kupaa tena. Ndege ndogo ya Piper PA-46 iliyopitiliza njia pale tarehe 8 Februari 2019 iliishia kwenye tuta la theluji. Kisongo unayo nafasi ya kupaa tena, itumie: ukidunda vibaya, au theluthi ya kwanza ya njia ikipita tairi hazijagusa, fungua nguvu zote, rudisha flapu (vibao vya nyuma ya bawa) kutoka nyuzi 30 hadi 20, shika noti 60. Ila kishikio chekundu cha mafuta usikisukume hadi mwisho kwa mazoea ya pwani. Kwa kimo hiki injini itajaa mafuta na kukunyima nguvu wakati unaihitaji. Kipange kabla ya kutua.