Mashine ya gesi ya maji: kabla hujaongeza pleti, soma hapa

Haipiti wiki mtu hajanisimamisha njiani kuniuliza ile mashine yangu ya gesi ya maji, inayogawa maji kwa umeme ikatoa gesi ya kuchomea, na swali ni lile lile, "yakhe vipi niikuze ichomee mageti?" Sasa nnajibu hapa mara moja, maana kijiweni nshachoka kurudia.

Mie fundi friji, niko Chake Chake, kazi yangu kubwa kuunga mabomba ya kopa, mafriza ya wauza samaki na viyoyozi vya nyumba za wageni. Mtungi wa asetilini, gesi ya kuchomea, ukikuishia huku Pemba ndo basi tena, usubiri meli, na nauli ya mtungi juu yake. Mwaka juzi nlikaa siku tisa na friza la mtu limefunguliwa ukumbini, mwenyewe anapiga simu asubuhi na jioni, samaki wake kawagawa kwa majirani. Hapo ndo nkaanza kucheza na maji na umeme.

Kitu chenyewe hakina uchawi. Umeme wa DC, kama wa betri, ukipita kwenye maji yaliyotiwa kostiki kidogo, ile wanayopikia sabuni, maji yanagawika, unapata haidrojeni sehemu mbili na oksijeni sehemu moja. Lita moja ya maji inakupa gesi zaidi ya lita 1,800, kwa hiyo maji si tatizo, tatizo umeme. Na wale wanaokwambia gari itatembea kwa maji bure waache waendelee na hadithi zao, umeme unaoutia ndani ni mwingi kuliko unachokipata kwenye moto, kila siku, mpaka kiama.

Mashine yangu ya mwanzo ina pleti 8 za stenlesi, zimepangwa na gasketi za mpira katikati, maana yake seli 7 zilizofuatana (kila nafasi ya maji kati ya pleti mbili ni seli), chanya huku mwisho na hasi kule. Kila seli inataka kama volti 2, kwa hiyo volti 14 ya chaja ya betri ya gari inatosha. Pleti nlikata kwenye meza ya jikoni ya hoteli iliyovunjwa, na nlikosea, nusu yake ilikuwa stenlesi duni, maji yakawa rangi ya chai baada ya siku mbili. Siku hizi natembea na sumaku mfukoni, ikinasa kwenye bati naliacha pale pale. Ukipata stenlesi ya daraja la 316L ndo mwenyewe. Bati la mabati hata usijaribu, litaliwa lote.

Halafu suala la chumvi. Kijana wangu wa dukani akanambia "ami, kwani bahari si hii hapa?" Akili nzuri lakini hapana!! Maji ya chumvi yanatoa klorini, utasikia harufu ya jiki na kifua kinabana, na pleti zinaoza. Hata maji ya visima vyetu vingi yana chumvi chumvi, yatakujazia tope. Tumia maji ya mvuke uliopozwa, yale ya kujazia betri YASIYO na asidi, na kostiki, na uivae glavu na miwani maana ikikurukia jichoni mchezo umekwisha. Kostiki ndo inatiwa kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki, inachemka ikakurukia.

Sasa hesabu, ambayo ndo watu wanaikimbia. Gesi inatoka kwa ampea. Ukubwa wa ndoo haukuongezei kitu, wala wingi wa pleti peke yake. Ampea 1 ikipita kwenye seli 1 kwa saa nzima inatoa gesi kama lita 0.68, basi, hiyo sheria ya Faraday haina mjomba wala shangazi. Seli zangu 7 kwa ampea 10 zinanipa kama lita 48 kwa saa, yaani lita 0.8 kwa dakika, na inakula wati 140. Kwa bomba la robo inchi la friji na silva rodi (fimbo ya kuungia yenye fedha) inatosha, mwali mwembamba kama sindano, lazima mkono uwe mwepesi, ukizubaa unatoboa kapilari, kile kibomba chembamba cha friji.

Kijana mmoja wa Wete yeye alinunua pleti 40 kabla hajapima kitu, anataka lita 10 kwa dakika. Nkamwambia kaa tufanye hesabu. Lita 10 kwa dakika ni kama wati 1,800 kwenye seli tu, bado hasara ya chaja na waya. Ukitaka kwa volti 14 inabidi upitishe ampea zaidi ya 120, waya gani huo? Ukiongeza seli kwenye mstari ili ampea zishuke unapandisha volti, na kuna watu wanachukua umeme wa ukutani wanautia daraja la dayodi (kifaa cha kuugeuza kuwa DC) moja kwa moja bila transfoma, kwa maji ya kostiki na mikono imerowa, hiyo mie siisemi mara mbili. Na joto pia: maji yakipata moto ampea zinapanda zenyewe, zikipanda joto linazidi, yangu siku moja niliiwacha kwa ampea 10 nkaenda kusali Alasiri, kurudi iko 17 na mpira umelainika. Na baada ya yote hayo geti la chuma unalichomea kwa mashine ya weldi ya kawaida kwa umeme huo huo, haraka zaidi.

Lakini hichi ndo hasa nlichokaa kuandika. Kwenye asetilini, gesi na oksijeni ziko mitungi mbali mbali, zinakutana kwenye tochi. Hii yetu inatoka IMESHACHANGANYIKA, kwa hiyo moto ukirudi nyuma unao kila kitu unachotaka mpaka ndani ya mashine. Mie mwanzo chupa ya maji ya kuzuia moto, ambayo gesi inapita ndani yake kabla ya kufika kwenye tochi, nlitumia chupa ya achari, ya gilasi. Siku moja nkabadilisha nozeli nkaweka yenye tundu kubwa, nkidhani mwali utakuwa mkubwa, kumbe gesi ikapungua kasi na moto ukaingia ndani. Pah! Masikio yalilia mpaka Isha. Mama watoto katoka jikoni na upawa mkononi, na kipande cha gilasi nlikikuta kimezama kwenye ubao wa mlango, kimo cha tumbo langu.

Tangu hapo chupa mbili, moja karibu na mashine moja karibu na tochi, za plastiki ngumu zenye kizibo cha mpira kinachoruka bila kupasua kitu, na baada yake kifaa cha dukani cha kuzuia moto kurudi, kilichoandikwa cha haidrojeni, cha asetilini hakitoshi. Nozeli ndogo siku zote. Kuzima, bana mpira karibu na tochi halafu ukate umeme hapo hapo, usianze na umeme wakati mwali unawaka. Na gesi hii haiwekwi akiba, si kwenye mtungi wala puto wala tyubu la gari, kinachotoka kinaungua wakati huo huo. Mwali wenyewe mchana hauonekani vizuri, nshajichoma kidole zaidi ya mara moja, na fanyia nje au kwenye upepo, usijifungie chumbani.

Yangu imebakia na seli zile zile 7. Mabomba madogo naunga kwayo, makubwa nasubiri meli kama zamani. Yule wa Wete kaja juma lilopita na kondensa yake nimuungie, nkamuuliza zile pleti 40, akacheka, kaezekea banda la njiwa.