Neno kwa Neno au Lugha ya Picha? Namna ya Kuamua Unaposoma Biblia

Watu huulizana, "Wewe unaisoma Biblia kama ilivyo au kwa mafumbo?" kana kwamba mtu huchagua upande mara moja, akaushika kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Hakuna asomaye hivyo. Anayejiita msomaji wa neno kwa neno akifika Zaburi 91:4 haanzi kuamini kwamba Mungu ana manyoya, na mpenda mafumbo hasemi kwamba Pontio Pilato ni ishara tu ya kitu fulani. Uamuzi hufanywa sentensi kwa sentensi, na kuna mambo ya kuangalia.

La kwanza ni aina ya andiko, na hili liangaliwe kabla hujaugusa mstari wenyewe. Njia nzuri ya kujifunza ni kusoma Kutoka 14 na 15 kwa mkupuo mmoja. Sura ya 14 inasimulia: upepo mkali wa mashariki ulivuma usiku kucha, bahari ikarudi nyuma, asubuhi maji yakarejea na kulifunika jeshi la Farao. Sura ya 15 ni wimbo juu ya tukio lilelile. Humo upepo umekuwa pumzi ya pua ya Mungu, maadui wamezama kama jiwe, na mstari wa 12 unasema nchi iliwameza. Sasa, walimezwa na nchi au na maji? Msomaji makini haoni mgongano. Anajua kwamba simulizi inaeleza kilichotokea, na wimbo unakiimba. Waamuzi 4 na 5 ni vivyo hivyo: katika masimulizi Sisera anashindwa vitani, katika wimbo wa Debora nyota zinapigana naye kutoka mbinguni. Ukizoea jozi hizi mbili, utaanza kuisikia tofauti hata pale ambapo Biblia haikukuwekea matini mbili kando kwa kando.

Baada ya hapo, usikimbilie kitabu cha ufafanuzi. Maliza sura. Mara nyingi mwandishi amekwisha kutoa jibu mistari michache mbele. Danieli 8 ina kondoo mume na beberu, na mstari wa 20 na 21 unasema waziwazi kwamba ni wafalme wa Umedi na Uajemi na mfalme wa Uyunani. Ufunuo 1:20 unasema vinara saba ni makanisa saba, na 17:15 kwamba maji ni watu wa mataifa na lugha mbalimbali. Ni ajabu kuona mtu akizitafuta habari za wiki hii ndani ya Ufunuo huku tafsiri iliyotolewa na kitabu chenyewe akiiruka.

Ndani ya sentensi, dalili za lugha ya picha ni chache na zinaonekana. Kuna maneno ya kulinganisha, kama vile "kama" na "mfano wa". Kuna kitu kuitwa kile ambacho wazi sicho: Yesu anasema yeye ni mlango, na mfalme Herode naye anaitwa na Yesu mbweha. Halafu kuna kutia chumvi kwa makusudi, na hapo ndipo wengi huteleza.

Chukua Mathayo 5:29: jicho la kuume likikukosesha, ling'oe. Muktadha, kuanzia mstari wa 27, ni tamaa. Ukiling'oa la kuume, la kushoto bado linatazama, kwa hiyo amri ikichukuliwa kama upasuaji haitibu ugonjwa wenyewe. Hiyo ni dalili tosha kwamba ni lugha kali ya picha. Lakini kazi haijaisha, maana wengi wakishasema "ni mfano tu" hufunga kitabu. Andika agizo hilo kwa sentensi moja isiyo na picha: kata kabisa, hata kwa hasara inayouma, kile kinachokuingiza dhambini. Sentensi yako isipomdai msomaji chochote, ujue umeikwepa aya badala ya kuifasiri. Picha kwa kawaida huongeza uzito wa neno.

Kosa la upande wa pili nalo lina historia. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anasimulia kwamba Origen wa Aleksandria, mwalimu aliyesifika kuliko wengi kwa kufasiri kwa mafumbo, alijihasi kwa kuichukua Mathayo 19:12, inayotaja waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, neno kwa neno. Baadhi ya wanahistoria wanaitilia shaka habari hiyo. Isiyo na shaka ni kwamba kanuni ya kwanza kabisa ya Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, iliwazuia waliojihasi kwa hiari yao wasiwe makleri. Haikuwa nadharia, basi.

Agano Jipya lenyewe linaonya pande zote mbili. Wanafunzi wanasikia "chachu ya Mafarisayo" na kudhani wanakemewa kwa kusahau mikate (Mathayo 16). Nikodemo anauliza mtu mzima ataingiaje tena tumboni mwa mamaye. Kwa upande mwingine, 2 Timotheo 2:17-18 inawataja Himenayo na Fileto, waliosema ufufuo umekwisha kuwapo. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba waliugeuza ufufuo kuwa jambo la kiroho tu. Paulo hana nafasi ya hilo: katika 1 Wakorintho 15 anataja mashahidi walio hai bado, kisha anasema kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Mwandishi anayekutajia mashahidi anataka umwelewe kama mtu anayetoa taarifa.

Mifano ya Yesu ina hatari yake, nayo ni kukipa kila kitu maana ya siri. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alimfasiri mwenye nyumba ya wageni katika habari ya Msamaria mwema kuwa Mtume Paulo. Inapendeza kuisikia, ila hakuna kitu katika Luka 10 kinachoidai. Tazama swali lililouzaa mfano (mstari wa 29, "jirani yangu ni nani?") na agizo la mwisho (mstari wa 37), kisha ukae katikati ya hayo mawili. Pale Yesu mwenyewe anapofafanua kipande kwa kipande, kama kwa mpanzi katika Mathayo 13, mfuate.

Kuna suala lingine linalovaa nguo za hili wakati silo. Yesu anamwambia tajiri auze alivyo navyo vyote (Marko 10:21). Kusema "ni mfano" hapa ni kujidanganya, kwa sababu yule mtu alielewa vizuri sana ndiyo maana akaondoka kwa huzuni. Swali la haki ni: agizo hili liliwahusu nani? Zakayo katika Luka 19 anatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuwalipa mara nne aliowadhulumu, naye anaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: je, maneno ni ya picha, na je, agizo ni la wote. Ukiyachanganya, kila amri ngumu itageuka kuwa fumbo.

Hata ukizingatia yote haya, kuna aya ambazo Wakristo makini hawajakubaliana juu yake. Mwaka 1529 huko Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, walikutana na kuafikiana karibu makala zote 15 zilizoandikwa, wakashindwana juu ya maneno ya Yesu kuhusu mkate, "Huu ndio mwili wangu". Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri, kila mmoja kwa maelezo yake, wanashika kwamba Kristo yupo kweli katika mkate na divai. Wafuasi wa Zwingli waliona ni lugha ya ishara. Miaka elfu ya Ufunuo 20 nayo ina kambi zake, na siku za Mwanzo 1 vilevile. Augustino, karne nyingi kabla ya sayansi ya kisasa, aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku zile sita si za saa kama zetu. Ukifika kwenye aya za namna hiyo, andika pembeni hoja mbili zenye nguvu kuliko zote za upande usioukubali. Ukikosa hata moja, bado hujaisoma aya vya kutosha kuifundisha.