Msikate nukuu: kwa mnaoanza kusoma historia ya wanawake na juri

Ninyi mnaoanza kusoma jinsi wanawake wa Marekani walivyodai nafasi kwenye juri, kwanza msiite juri "wazee wa baraza". Wazee wa baraza wa Tanzania humshauri jaji, ilhali juri, kundi la raia wa kawaida walioitwa mahakamani, ndiyo inayosema mshtakiwa ana hatia au hana. Ndiyo maana ugomvi wa nani aketi pale ulikuwa mkali.

Pili, msikate nukuu katikati. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na bado inaniuma. Susan B. Anthony, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, alishtakiwa kwa kupiga kura mwaka 1872 ilhali ni mwanamke. Juni 1873, huko Canandaigua, jaji aliiamuru juri imtie hatiani bila kujadiliana, akamtoza faini ya dola 100. Anthony akasema kwamba hata wajumbe wa juri wangeachiwa kuamua, hapakuwa na aliye sawa naye kwa haki hata mmoja kati ya wanaume wale. Nikaishia hapo, maana ilipendeza. Kumbe anaendelea: mzaliwa au mgeni, mweupe au mweusi, tajiri au maskini, msomi au mjinga, macho au usingizini, timamu au mlevi, wote walikuwa juu yake kisiasa. Someni upande wa pili wa kila jozi, kisha mtazame mgeni amepangwa na akina nani.

Elizabeth Cady Stanton, mwenzake Anthony katika harakati hizo, hakuficha dharau hiyo hata kidogo. Mwaka 1869 aliwataja Patrick, Sambo, Hans na Yung Tung, yaani Mwairishi, Mweusi kwa jina la matusi, Mjerumani na Mchina, akauliza itakuwaje watu wa aina hiyo wakiwa wajumbe wa juri wanaowahukumu wasichana walioshtakiwa kuua vichanga vyao. Dai la wanawake lilikuwa la haki, nalitetea mpaka leo. Njia hii siitetei.

Mkikutana na hofu kama hiyo, fungueni sheria za wakati ule. Sheria ya uraia ya 1790 iliwaruhusu wageni weupe tu kuwa raia, kwa hiyo huyo Yung Tung aliyetoka China kwa sheria hiyo asingeweza kuwa raia, sembuse kuketi kwenye juri. California ilikuwa imefika mbali zaidi: mwaka 1854 mahakama ya juu ilifuta hukumu ya Mzungu aliyemuua Mchina, kwa kuwa mashahidi walikuwa Wachina.

Halafu mtafuteni msichana ambaye Stanton na Anthony walikuwa wakimpigania miezi ileile. Hester Vaughn, mtumishi wa ndani, alihukumiwa kifo Philadelphia mwaka 1868 kwa kifo cha kichanga chake. Alikuwa mhamiaji kutoka Uingereza. Gavana alimsamehe mwaka 1869, naye akarudi kwao kwa fedha za michango.